Kizingiti cha Volti Kumi na Moja

Ndayanse alifika saa moja asubuhi,
betri amelifunga kwa mpira kwenye karia ya baiskeli,
magamba ya dagaa yamemkaukia ndevuni.
Akalitua mezani kwangu bila salamu.
"Kifaa chako, dada, kimenilaza njaa."

Usiku, mbele ya Kibirizi,
taa ilianza kukonyeza.
Zima, washa. Zima, washa.
Dagaa waliokwisha kujaa chini ya mwanga,
wazito kama uji wa mtama,
wakatawanyika kila mmoja na njia yake,
wavu ukapanda na maji.
Mtumbwi wa jirani ukamcheka:
"Unaita samaki au unaita polisi?"

Nililaumu betri. Fundi hulaumu betri kwanza.
Nikalaumu nyaya, kutu, mikono ya vijana wake.
Alipoondoka nikafungua kopo
(la mafuta ya kupikia, namba saba
nimeiandika kwa rangi ya kucha).

Ndani anakaa mdudu mweusi wa miguu minane.
Kazi yake moja: kulinganisha.
Sikio la kushoto nimemwekea zena,
volti tano na nukta moja, usiku na mchana,
haipandi kwa furaha wala haishuki kwa msiba.
Sikio la kulia linasikiliza betri,
sauti yake nimeipunguza kwa rezista mbili.
Betri likiwa juu, husema ndiyo.
Likiwa chini, hapana.
Hana labda. Hana karibu.
Nilikuwa nikijivunia hilo mbele za watu.

Nikawasha taa mchana kweupe,
nikashika multimita, chai ikapoa.
Kumi na moja nukta nne.
Nukta tatu.
Nukta mbili: mdudu akasema hapana, taa ikafa,
na hapo nikauona ugonjwa.
Betri lililotuliwa mzigo huvuta pumzi,
hujifanya limepona.
Kumi na moja nukta nane!
Mdudu, mkweli kupita kiasi, akasema ndiyo.
Mzigo ukarudi mgongoni, betri likapiga magoti.
Hapana. Ndiyo. Hapana. Ndiyo.
Hakukosea hata mara moja.
Ndiyo maana samaki walikimbia.

Nikacheka peke yangu. Nilimkumbuka Filibeti,
niliyemfungia mlango mara sita
na kumfungulia mara sita,
kila alipokuja amenyoa, na sukari nusu kilo.

Dawa ni rezista moja.
Kahawia, nyeusi, njano.
Niliing'oa kwenye redio iliyokufa ya mwalimu wa Gungu,
nikailehemu kutoka mdomo wa mdudu
hadi sikio lake la kulia,
alisikie kidogo jibu lake mwenyewe.
Sasa akishasema hapana
nukta nane haimtikisi,
hata kumi na mbili kamili haimtikisi.
Anataka kumi na mbili na nukta nne,
betri lililolala kwenye chaji hadi asubuhi,
si lililopumzika kwa hila.
Vitabuni jambo hili lina jina refu.
Mimi naliita ukaidi.
Nilimtoza Ndayanse shilingi mia mbili,
akalipa mia, akasema nyingine ni ya ule wavu.

"Na ikizima?" aliuliza.
"Ikizima imezima. Vuta hapo hapo."

Giza la mwezi lililofuata nilipanda juu, Mwanga,
nikakaa kwenye jiwe, viatu mkononi.
Taa zilikuwa nyingi ziwani,
nilihesabu hadi mia na arobaini nikapotea.
Saa tisa hivi, upande wa kaskazini,
moja ilizimika.

Nikazuia pumzi.
Moja, mbili, tatu... sitini.
Mbwa alibweka kwa Kafyulilo, akanyamaza.
Pale palipokuwa na taa palibaki peusi,
peusi kabisa, bila kukonyeza,
na mimi, mtu mzima, nikapiga makofi.

Huenda haikuwa yake.